Sauti iliyonitoa kwaya ndiyo iliyomwokoa dereva wa lori hapa Tunduma

Wakuu, heshima zenu. Na wadada wenzangu mnaosoma kimyakimya, nawaona.

Hii sijasimuliwa na jirani. Nilikuwepo, upawa mkononi.

Kuna mtu humu aliuliza kama leadership mtu anazaliwa nayo au anasomea. Mimi sijui. Ninachojua, nilizaliwa na sauti kubwa. Kwaya ya kanisani walinitoa kwa sababu nawafunika wenzangu wote. Mume wangu hadi leo nikipokea simu anafunga madirisha.

Nauza chakula Tunduma, kando ya barabara ambako malori hupanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Zambia. Wateja wangu wakubwa ni vijana wa bodaboda. Wananiita Mama Tumaini. Nawajua kwa majina, na najua nani hagusi maharage.

Sasa mchana mmoja lori likarudi nyuma, likamgonga kijana wetu Simbeye na pikipiki yake.

Hasira ya bodaboda mwenzao akigongwa mnaijua. Muda si mrefu vijana wa vijiwe vyote walishamiminika pale. Dereva, mzee wa Kizambia, akajifungia ndani ya lori. Wakaanza kuponda vioo. Mara namwona Haonga, kijana mpole kabisa, anakinga petroli ya pikipiki yake kwenye chupa ya maji.

Yule mzee alikuwa anakwenda kuchomwa moto mbele ya sufuria zangu.

Nikapanda ngazi ya lori. Sikuhubiri. Mtu mwenye hasira ukimwambia "tulia" umemwongezea kuni. Nikaita tu, kwa sauti ile ile ya kufukuziwa kwaya:

"Haonga! Mama yako kule Iyula anajua umeshika nini?"

Akageuka. Mkono wenye chupa ukashuka.

"Kibona! Si juzi tu umebatizisha mtoto? Shuka kwenye bampa hapo!"

Akashuka. Nikaita mwingine, na mwingine. Kila aliyesikia jina lake alikuwa kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Ndipo nikauliza, "Simbeye yuko wapi?"

Wakuu, wanaume wazima wakabaki wanaangaliana. Simbeye alikuwa mtaroni, ameshika mguu, anaita "jamani, jamani" na hakuna anayemsikia. Wote wamekuja kumlipia kisasi, hakuna aliyekumbuka kumbeba!

"Yaani pikipiki zote hizi, na mgonjwa wetu hana usafiri?"

Mmoja akacheka, kile kicheko cha aibu. Nikajua nimewapata. Kibona nikamtuma atafute bajaji ampeleke Simbeye hospitali. Haonga nikamwambia, "Wewe simama mlangoni hapa. Mtu asimguse mzee mpaka polisi wafike."

Akarudisha petroli yake kwenye tenki, akasimama. Na kweli, hakuna aliyesogea.

Polisi walipokuja mzee akashuka. Akanipigia makofi taratibu, heshima ya kwao, akasema, "Natotela, bamayo." Asante, mama. Nikampa chai, akashindwa kuinywa.

Simbeye alifungwa plasta ngumu ya POP mguuni, akapona, na anakula kwangu kwa fujo kama zamani. Vijana wamenifanya mlezi wa kijiwe. Najivunia, sifichi! Kwaya nao wameniita nirudi, nimewaambia nina kwaya yangu, ina pikipiki.

Nilichojifunza: usijaribu kuongea na umati, hauna masikio. Tafuta mtu mmoja ndani yake unayemjua, mwite jina. Lakini majina hayo uwe umeyajua kabla, siku za amani, wakati unapakua wali.

Kila lile lori likipita hapa linapunguza mwendo na kupiga honi ndefu. Juzi mume wangu akauliza, "Nani huyo anayekupigia makelele?"

Nikamwambia, "Ni mtu ambaye yuko hai."

Hakufunga dirisha.

Haya, na ninyi semeni: kitu gani mlisemwa kwa ajili yake tangu utotoni, kikaja kuwafaa ukubwani? Wenye matusi pia karibuni, ila jueni sauti ninayo.