Taa Nyeupe za Mariam Poni

Sikumpenda Mariam Poni, naye hakunipenda, na hapa Arua hakuna aliyetushangaa. Mimi ni Andama, fundi umeme wa magari. Yeye alikuwa mke wa sajini mmoja wa Koboko. Kabla ya vita vya sabini na tisa, vilivyoling'oa jeshi lao, mume wake alinipiga kofi mbele ya mafundi wenzangu kwa sababu honi ya Peugeot yake, ile 404, ililia yenyewe. Mariam alikuwa amekaa kiti cha mbele akitafuna karanga. Hata kugeuka hakugeuka.

Lakini haki yake nitaisema, hata kama sipendi. Walipokimbilia Sudan mwaka ule, mume alifia Yei kwa homa, akamwacha na binti mmoja aitwaye Afisa, na lile gari. Mariam aliuza kitanda, akauza cherehani, akauza blanketi walizokuwa wakijifunika. Gari hakuuza. Alitafuta dereva, Kasimiro, mtu mpole ambaye akitukanwa hujibu "ndiyo, mama", naye akabeba abiria na magunia ya mtama mpaka waliporudi nyumbani mwaka wa themanini na saba. Wanawake wengi walirudi kwa miguu, mzigo kichwani. Yeye alirudi amekaa kiti kile kile, na ulimi wake ule ule.

Afisa alikuwa ameolewa kambini huko Sudan na kijana wa Ludara, kwa hiyo waliporudi akaenda kuishi kwa mama mkwe wake, ambaye yeye hakukimbia. Uchungu wa mimba ya kwanza ulimshika usiku. Gari lilikwenda kumchukua, lakini taa zake zilikuwa za kizamani, za manjano, hafifu, na vioo vya ndani vya kurudisha mwanga vimeliwa na kutu. Wakati wa kurudi Kasimiro hakuona ukingo wa daraja uliobomoka. Wakatumbukia mtaroni, na mtoto akazaliwa humo humo, amekufa.

Ndiyo maana mimba ya pili ilipofika mwezi wa nane, Mariam alikuja gereji kwangu. Mtaka cha mvunguni huinama. Yeye alisimama wima, mikono kiunoni.

"Fundi, mimi nataka taa kali. Kama ya lori. Mtoto yangu hapana zaa tena ndani ya mtaro."

Nilimweleza kwamba taa kali haziwekwi hivi hivi. Waya za 404 ni nyembamba, swichi itaungua. Lazima nivute waya nene moja kwa moja kutoka kwenye betri, niweke relei ya kupokea ule umeme mkubwa, nisugue vioo, nibadilishe na balbu.

"Iko naongea mingi," akanikata. "Nyinyi watu ya Arua munajua kuongea. Sisi tulikuwa nalala chini Sudan, nyinyi munabaki hapa, munafungua magari ya watu, munauza vyombo."

"Na hiyo vita ililetwa na nani, mama? Na mimi?"

"Fanya kazi. Mudomo yako hapana kazi."

Kulikuwa na jambo nililotaka kumwambia, na nilikuwa nalo mdomoni kabisa. Yeye hakulijua kwa sababu alikuwa Sudan. Sisi tuliobaki tulilijua vizuri mno. Mwaka wa themanini malori ya askari wa serikali mpya yalikuja usiku kukamata watu, na taa zao zilikuwa nyeupe. Mimi nilijificha porini Logiri miezi minne, na nilijifunza kama wengine wote: taa za manjano ni za mchuuzi kutoka Zaire, simama, taa nyeupe, kimbia, wala usiulize. Mjini tulikuwa tumeanza kusahau. Huko mashambani, ambako gari hupita mara moja kwa wiki, watu walikuwa bado wanakimbia.

Ningemwambia, "Mama, weka taa kali, lakini uwajulishe watu wa Ludara kwanza." Maneno hayafiki kumi na mawili. Aliponiita mwizi, nikayameza.

Kazi yenyewe niliifanya vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Nilikwenda Ariwara, ng'ambo ya mpaka, kununua balbu za halojeni, zenye mwanga mweupe. Siku tatu nilisugua, nikavuta waya, nikapanga taa mbele ya ukuta mpaka zikatua sawa kabisa. Mariam alizitazama, akakosa tusi la kusema, akapanda gari.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Kasimiro. Uchungu ulimshika Afisa saa nane za usiku. Mumewe alipanda baiskeli kwenda Koboko kuita gari, na walikuwa wamekubaliana kwamba watu wa nyumbani watambeba Afisa kwa machela hadi barabarani, wangoje hapo. Gari lilikwenda mbio, Mariam kiti cha mbele, mkwe wake akifuata nyuma kwa baiskeli. Kasimiro aliona kila shimo, kila jiwe. Walipofika mahali pa kukutana hapakuwa na mtu. Wakaenda hadi nyumbani: moto unawaka jikoni, nyumba tupu, na majirani wote hawapo. Wakarudi barabarani, wakapita tena, wakimulika huku na huku. Mariam alitoa kichwa dirishani akaita, "Afisa, Afisa." Lakini mwaka wa themanini askari nao waliita watu kwa majina.

Kulipopambazuka Kasimiro alizima taa. Ndipo watu wakatoka kwenye shamba la muhogo; wao walikuwa wakingoja taa za manjano.

Mtoto alikuwa amezaliwa humo, wa kiume, mzima. Alilia. Mama mkwe akamwambia Afisa, "Muziba mudomo, watasikia." Afisa akamziba kwa kiganja chake. Gari likapita mara ya kwanza, likarudi, likapita tena. Alipoondoa mkono, mtoto alikuwa ametulia.

Wiki moja baadaye 404 ilisimama mbele ya gereji. Mariam alishuka. Nilijiandaa kwa matusi, hata yangu nilikuwa nimeyaweka tayari. Hakutukana.

"Andama," alisema, na hakuwa amewahi kunitaja kwa jina. "Wewe ulikaa hapa mwaka ile. Ulijua watu nakimbia taa nyeupe?"

Ningeweza kusema sijui. Nani angenishitaki?

"Nilijua, mama."

"Kwa nini hapana sema?"

"Ulinitukana."

Nilipolisikia jibu langu mwenyewe niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Kofi la mume, ulimi wa mke, chuki yote niliyoitunza miaka kumi: ilikuwa ndogo sana, na niliilipia kwa kitu kisichokuwa changu.

"Panda gari," alisema. "Mtoto yangu hapana kula. Anasema mukono yake iliua. Wewe utamwambia iko mukono ya nani."

Nikapanda. Bado sikumpenda. Nilimtazama kisogo chake kutoka kiti cha nyuma, na nilijua akipata nafasi ya kunisukuma nje ya mlango atanisukuma, nami sitamlaumu.

Afisa alikuwa amekaa kwenye mkeka ndani ya nyumba, mikono ameikalia. Alikuwa amekonda mpaka shingo imebaki mishipa. Nilipiga magoti. Nilimwambia kwamba taa ziliwekwa na mimi, kwamba nilijua watu watakimbia, kwamba nilinyamaza kwa sababu ya hasira yangu kwa mama yake. Hakuinua uso.

"Sema tena," alisema Mariam, amesimama nyuma yangu.

Nikasema tena.

"Tena."

Nikasema hata mara ya nne, mpaka mwisho. Afisa akautoa mkono wake wa kulia, taratibu, akaufungua, akanisogezea kiganja karibu na uso. Mimi nikainamisha macho.

"Angalia," alisema Mariam.

Nikaangalia.