Vifaranga Chini ya Shehena: Asubuhi ya Nyanjige na Lori Lililoinama

Lori linaingia uani kinyumenyume, polepole, likiwa limelalia upande wa kushoto. Turubai limetuna. Kwenye pembe moja limechomoza tendegu la kitanda, kwenye nyingine mpini wa jembe la kukokotwa na ng'ombe, na juu kabisa kuna godoro lililofungwa kwa kamba ya katani.

Wateja waliokuwa wamekaa kwenye matofali nje ya ghala wanasimama wote kwa pamoja. Ni tarehe ishirini na tatu Desemba, mjini Bariadi, na kila mmoja anaamini mzigo wake umo humo.

Mwanamke mwenye koti la kazi la bluu na kitenge kiunoni anajitokeza mbele yao na kuinua mkono.

"Hakuna anayegusa kamba," anasema. "Gari limeinama hili. Mkifungua vibaya, mzigo unashuka wenyewe, na hauchagui wa kumwangukia."

Hakuna anayebishana naye. Anaitwa Nyanjige Ndalahwa, mama wa watoto wanne, na ndiye kiongozi wa wapakuaji katika ghala hili la vifurushi. Kwenye mkono wake wa kulia, kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo, kuna kovu refu. Miaka mitatu iliyopita, wiki kama hii, bando la mabati lilimtelezea kutoka kwenye lori lililopakiwa ovyo.

"Nilishonwa hospitali, nikarudi kazini Januari," anasema huku akikunja mkono wa koti. "Tangu siku hiyo gari likifika, kwanza nalizunguka. Nalitazama lilivyosimama kabla sijatazama lilichobeba."

Nyanjige alizaliwa Kalemela, wilayani Busega, ambako baba yake alilima pamba na kuvua samaki msimu ukiruhusu. Alikuja Bariadi akiwa ameolewa na Mayige, mkulima. Mwaka ambao mvua ilikata na pamba ikakauka shambani, aliingia sokoni kubeba magunia ya mchele pamoja na wanaume.

"Walinicheka wiki ya kwanza," anakumbuka. "Wiki ya pili wakaona gunia linafika. Wakanyamaza, tukawa ndugu."

Kutoka sokoni aliitwa ghalani. Kazi ni ya kutwa, na miezi mingi anachopata kinaishia kinywani tu. Desemba ndiyo hubeba ada za shule za watoto, kwa sababu Desemba kila Msukuma aliye Mwanza, Arusha au Dar es Salaam hukumbuka nyumbani.

Wanatuma magodoro. Wanatuma sukari, mafuta ya kupikia, viatu vya watoto, mabati ya kumalizia nyumba ya mama. Mabasi yakishajaa abiria, vifurushi hukataliwa, vikahamia kwenye malori. Huko yanakopakiwa, haraka ni nyingi na wapangaji ni wachache. Kinachofika kwanza kinaingia kwanza, hata kama ndicho kitakachohitajika kwanza kushuka.

Asubuhi hii, katikati ya umati, wanapita wanawake wawili waliofika kwa pikipiki kutoka Shishiyu, wilayani Maswa. Mmoja, mnene kidogo, mwenye kilemba cha kijani, anamfuata Nyanjige moja kwa moja na kumsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu. Mayu, sisi tumefuata vifaranga."

Huyo ni Lukresia, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wafugaji wa kuku. Mwenzake ni Minza, mweka hazina. Wanaeleza kwa kupokezana, mmoja akimalizia sentensi ya mwingine. Mwaka jana ugonjwa wa mdondo uliwamalizia kuku wote. Wakauza pamba, wakachanga upya, wakajenga banda la matofali. Usiku uliopita wakala wao wa Mwanza alipeleka maboksi matano ya vifaranga wa siku moja kwenye basi, basi likakataa. Akayapakia kwenye lori.

"Lori lipi?" anauliza Nyanjige.

Minza ananyoosha kidole. "Hili."

Nyanjige anageuka na kulitazama lile lori. Kisha anafanya jambo ambalo mwandishi huyu hakulitarajia. Anamwomba dereva azime injini. Anamwambia kinyozi wa jirani apunguze redio. Anawageukia wateja na kuweka kidole mdomoni.

Uwanja mzima unanyamaza.

Anatembea kando ya lori upande wa kulia, sikio lake likiwa karibu na bodi ya mbao. Anapita tairi la nyuma, anapita katikati, anaendelea. Anafika nyuma ya kabini na kusimama.

"Wapo hapa," anasema. "Wanalia. Wako chini kabisa."

Lukresia anaweka mikono kichwani. Juu ya vifaranga hao kuna shehena nzima ya Krismasi ya wilaya mbili.

Dereva, Selestini, anashuka akiwa na macho mekundu ya kukesha. Si mtu mbaya, amechoka tu. Anaeleza kwamba maboksi yalifika mapema kuliko mizigo yote, na vijana wa Mwanza wakayasukuma mbele kabisa ili "yasisumbue." Kisha yakaja magunia, yakaja mabati, ikaja saruji ya mtu.

"Dada, tushushe ya Bariadi tu, niende zangu Maswa," anasema. "Huko na Ipililo ndiko nashusha vyote vilivyobaki. Watayakuta huko."

"Saa ngapi?"

"Mchana. Jioni, kama kutakuwa na foleni ya kushusha."

"Na jua hili?"

Selestini anatazama juu. Upande wa mashariki wingu linajikusanya, lakini hapa uani jua limeshaanza kuchoma. Anakuna kidevu. "Mimi naogopa mvua. Ikininyeshea kwenye ule udongo mweusi wa kuelekea Ipililo, hao wateja watakula sikukuu bila mizigo."

Msimamizi wa ghala, Josia, naye ametoka ofisini akiwa na simu mbili, zote zinaita. Nyanjige anamwambia anachotaka: kushusha lori zima, mpaka sakafu.

"Lote?" anauliza Josia. "Leo? Nyuma yake kuna malori mengine mawili, Nyanjige. Na wapakuaji ni nyie sita."

"Ndiyo, lote. Hata bila vifaranga, bosi, gari hili silipeleki Maswa likiwa hivi. Utingo amekaa juu ya mzigo njia nzima kushikilia kamba. Likilala kwenye kona, nani atamwambia mama yake?"

Josia anamtazama utingo, ambaye bado yuko juu, mguu mmoja umening'inia. Anakata simu moja.

"Utawapata wapi watu?"

Nyanjige anageukia umati. Anazungumza kwa sauti ya kawaida, Kisukuma kidogo na Kiswahili kidogo, kama anavyoongea na majirani zake.

"Ndugu zangu, mzigo wa kila mtu umo humu, na hakuna anayejua uko wapi. Tukisubiri sisi sita, mtakuwa hapa hadi jioni. Mkitusaidia, kila mtu ataondoka na chake mapema. Wenye migongo mizima wapite kulia. Kushoto asipite mtu."

Kwanza anatoka mzee mmoja aliyevaa kofia ya pama. Anaitwa Salu, amekuja na mkokoteni wa ng'ombe kuchukua mabati yake. Anavua koti, analikunja, analiweka juu ya mkokoteni. Baada yake wanatoka kama kundi zima.

Magogo mawili yanaegemezwa kwenye ubavu wa kushoto wa lori ili kulizuia. Maturubai yanatandikwa chini: hili la Bariadi, lile la Maswa mjini, lile la Ipililo, lile la Shishiyu na vijiji vya karibu. Nyanjige anapanda juu mwenyewe na kulegeza kamba kutoka upande wa kulia, fundo kwa fundo.

Mzigo unaanza kushuka. Mstari wa watu umeundwa, na kila kinachopita mikononi kinatajwa kwa sauti. Godoro, Maswa. Ndoo ya mafuta, Bariadi. Begi jekundu, Ipililo. Mtu akisikia jina la mzigo wake anacheka, lakini haondoki kwenye mstari. Muuza chai wa stendi amesikia kelele na kusogeza birika lake karibu. Watu wanavuja jasho na wanataniana kama majirani wanaolimiana mashamba kwa zamu.

Ghafla Nyanjige anapaza sauti kutoka juu. "Simameni. Shukeni wote. Shukeni."

Bando la mabati limeanza kuteleza. Linaenda taratibu kwanza, likikwaruza, kisha linachukua na mifuko ya saruji iliyokuwa juu yake. Gogo moja linavunjika. Mzigo wote wa juu wa upande wa kushoto unaanguka chini kwa kishindo kinachotikisa madirisha ya ghala, na vumbi la saruji linafunika uwanja.

Kushoto hakukuwa na mtu.

Vumbi linapotulia, Nyanjige anaonekana ameshikilia chuma cha nyuma ya kabini kwa mikono yote miwili. Lori, lililopunguziwa uzito, limejiinua kwenye springi zake na kusimama karibu wima. Kisha Lukresia, kwa sauti ndogo, anauliza alichokuwa akikiogopa kila mtu.

"Bado wanalia?"

Nyanjige anapiga magoti na kuinama kwenye nafasi iliyobaki kati ya magunia. Anakaa hivyo muda unaoonekana mrefu mno. Bega lake linasogea. Anainua kichwa, uso mweupe kwa saruji, anacheka.

"Wanalia sana."

Kilichofuata hakikuwa kazi tena, bali mbio. Magunia ya mwisho ya mchele yanapita mikononi mwa watu kama mito ya kulalia. Selestini mwenyewe, dereva aliyetaka kuondoka, amepanda juu na kubeba. Josia amekunja mikono ya shati lake jeupe na kusimama kwenye mstari, simu zote mbili zikiwa mfukoni, zikiita bure.

Boksi la kwanza linatoka. Pembe yake imebonyea lakini matundu yako wazi. Linafuata la pili, la tatu, la nne. La tano limepondwa upande mmoja na gunia, na Minza analifungua. Baadhi wamekufa. Anawatoa mmoja mmoja na kuwaweka kando. Waliobaki wanatoa vichwa, manjano kama ua la alizeti, wakipiga kelele kubwa kuliko miili yao.

Maboksi yanahamishiwa kivulini. Muuza chai analeta maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo kwenye visahani, na Lukresia anachovya midomo ya vifaranga, mmoja baada ya mwingine, machozi yakimtiririka bila yeye kujali nani anamwona.

"Wabeja, mayu," anamwambia Nyanjige. "Wabeja sana. Nilishaanza kufikiria nitawaambiaje wenzangu. Jiko la mkaa la kuwapasha joto vifaranga liko bandani tangu alfajiri, wamelizunguka wanangoja."

"Usinishukuru mimi," Nyanjige anamjibu. "Mshukuru huyo kifaranga aliyelia kwa nguvu."

Kulipakia lori upya kunachukua muda mfupi kuliko yeyote alivyodhani. Mizigo ya Ipililo, inayoshuka mwisho, inaingia kwanza. Vizito vinakaa chini na katikati. Ya Maswa mjini inakaa mlangoni. Utingo anakaa kabini, karibu na dereva. Mzee Salu amepata mabati yake, mawili yakiwa yamejikunja kwenye ncha. Anasema atayatumia jikoni, hakuna atakayeona.

Kabla ya kuondoka, Selestini anateremsha kioo.

"Mwaka wa nane naendesha njia hii," anasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza naujua mzigo nilioubeba."

Jioni alipiga simu kutoka Ipililo. Mvua ilimkuta akishusha boksi la mwisho, na alirudi na gari jepesi.

Mwandishi huyu alimkuta Nyanjige siku mbili baada ya Krismasi, nyumbani kwake, akipepeta mchele. Lukresia alikuwa ameshamtumia salamu mara kadhaa: vifaranga wanakula, banda lina kelele, na jogoo wa kwanza atakayekua amepewa jina tayari. Wamemwita Nyanjige, ingawa ni jogoo.

Josia naye amekubali kwamba kuanzia Januari hakuna lori litakaloondoka Mwanza bila yeye mwenyewe kupigiwa simu na kusomewa kilichopakiwa kwanza. Nyanjige anasema hilo ni jema, lakini halitoshi. Mizigo ikifika Bariadi salama, bado watu wa vijijini wanahangaika kuifuata.

Kwa sababu hiyo, tangu miezi michache iliyopita, yeye na wapakuaji wenzake watano wamekuwa wakichanga. Wanataka pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi ya mizigo, ya kupeleka vifurushi Shishiyu, Ipililo na hata kwao Kalemela, hadi mlangoni. Walipojadili nani ataiendesha, wanaume watano wote walimtazama yeye.

Shemeji yake anayo moja kama hiyo, na kila Jumapili baada ya ibada humfundisha kwenye uwanja wa shule. Mayige, mumewe, huja kutazama, akisimama mbali kidogo kwa tahadhari.

"Kwenda mbele nimeshaweza," anasema Nyanjige, akitikisa ungo, pumba zikipeperuka. "Kona naziweza. Hata na magunia mawili nyuma naenda vizuri tu. Kurudi kinyumenyume ndiko bado. Lakini kwa safari ninazozifikiria mimi, kurudi nyuma sina haraka nako."