Tawafu Yangu na Tawafu ya Shemeji

Kakake mume wangu sijamsamehe hadi leo, wala sina haja ya kumsamehe.

Vita vilikuwa vimekwisha na meli za mahujaji zimeanza tena kupakia Kilindini. Tulikwenda Makka, mimi na mume wangu. Tuliposhuka Arafa, kabla sijaizunguka Kaaba kwa ile tawafu ambayo bila yake hija haitimii, hedhi ikanijia. Kungoja nitwahirike kulikuwa ni kuachwa na meli, na nahodha hangojei mwanamke aoge. Nililia mpaka sauti ikakauka. Mume wangu akanipeleka kwa shekhe mmoja pale Haram, naye akatwambia kwamba kwetu sisi Mashafi jambo hili ni zito, lakini kwa dharura nishike kauli ya madhehebu ya Mahanafi: nitufu hivyo hivyo, kisha nichinje ngamia. Bangili zangu zote zikawa ngamia, nikatufu.

Tuliporudi mtaani kwetu Kuze, ukumbi ulijaa wageni waliokuja kunipa mkono. Shemeji, mwalimu wa chuo cha Kurani mwenye sauti ya kuadhini, aliyekwisha kusimuliwa na nduguye yaliyonipata, akatamka toka upande wa wanaume: "Hija yake haikusihi. Aliyetufu bila tohara ni kama hakutufu, angali ndani ya ihramu, na mumewe ni haramu kwake." Na mume wangu, aliyemsikia yule shekhe kwa masikio yake mawili, akainamisha kichwa. Siku ile ile akahamia chumba cha nje. Harusini wanawake wakawa wakiniuliza, huku wakitafuna tambuu, kama ihramu nimekwisha kuivua.

Wasemao ngoja ngoja huumiza matumbo hawajapata kungojea kisasi. Mwaka wa pili yake shemeji naye akaenda, akarudi na ndevu zimetiwa hina. Ukumbi ukajaa tena. Nilimwacha asimulie raha zake zote mpaka akafika kwenye msongamano wa tawafu, jinsi alivyobanwa mbele na nyuma, wake kwa waume. Hapo nikapaza sauti nyuma ya pazia.

"Shemeji, sisi Mashafi mwanamume akigusana na mwanamke asiye maharimu wake, udhu wamtoka. Wewe walipokugusa, ulitoka kwenda kutia udhu?"

Akacheka. "Ningetoka mara ngapi? Pale hushikwa kauli ya Mahanafi. Ni dharura."

"Basi tawafu yako ni ya Mahanafi, kama yangu. Na huyu mkeo je? Ni halali yako, au nawe ungali ndani ya ihramu?"

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Wa kwanza kuangua kicheko alikuwa mkewe, aliyekaa ubavuni mwangu. Kule kwa wanaume kikasikika kikohozi. Nilifurahi, tena sana.

Baada ya Magharibi mume wangu akaja mlangoni pangu, kanzu safi, ananukia udi.

"Mke wangu, kumbe hija yako yasihi."

"Yasihi," nikamwambia. "Na mimi ni mkeo halali. Basi niwache."

Alidhani ni hasira za siku moja; zilikuwa za tangu siku ile alipoinamisha kichwa. Nilimtaka aitamke talaka mbele ya kakake, naye akaitamka.