Nilipika githeri na mbegu ya mama mkwe

Wakuu, hamjambo huko mliko. Hii sijatia chumvi hata kidogo, na aibu yake nimeimeza mwenyewe.

Mimi ni wa Matisi, hapa Kitale. Mahindi nilikuwa naijua kwa gorogoro tu, ule mkebe wa kupimia sokoni. Nikaolewa Saboti, kwa mama mkwe ambaye namwita Mama.

Jikoni kwake, juu ya moto, kulining'inia mahindi imefungwa kwa maganda yake, nyeusi ti kwa masizi. Mimi na usafi wangu! Mama akiwa kanisani, nikaishusha yote, nikapukuchua, nikaosha. Punje zilikuwa nyekundu, safi kabisa. Nikachanganya na maharagwe, nikachemsha githeri.

Mama alirudi, akala vijiko viwili. Akaokota punje moja, akaiangalia.

"Hii umetoa wapi?"

"Juu ya moto, Mama."

Akaweka sahani chini. "Umepika mbegu yangu."

Bana, nilitamani ardhi inimeze.

Kumbe moshi ndio hufukuza wadudu. Hiyo mbegu alipewa na marehemu mama yake siku ya kuolewa. Mvua ikichelewa, ya dukani inanyauka, hiyo inavumilia. Na watu wa utafiti walikuwa waje Alhamisi kuchukua kidogo, waihifadhi kwenye baridi, baadaye waitumie kuzalisha aina mpya inayostahimili ukame. Sasa haikubaki hata punje.

Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Asubuhi nikaenda Misikhu kwa dada yake, kwa sababu yeye pia alipewa na mama yao. Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akashika mlango.

"Ati githeri! Ilikuwa tamu?"

Nikakubali ilikuwa tamu. Akapanda kiti, akanishushia mahindi mawili kati ya matatu yaliyobaki kwake.

Alhamisi watafiti wakapewa moja. La pili Mama alinikabidhi mimi, bwanangu akiona. Nikashtuka, nikamuuliza kama ana hakika.

"Shika. Mtu ameipika mara moja hawezi kuipika tena."

Nimeipanda peke yake, mbali na ya dukani zisichanganyike. Imefika magotini, na kila asubuhi naenda kuiangalia.

Somo langu: uliza kabla ya kusafisha jiko la wenyewe.

Haya, kwenu mbegu ya zamani iko wapi? Na kama mliila, semeni tu. Mimi sina mdomo wa kumcheka mtu.