Plasta ya Mapacha

Watoto huumia katika utawala wowote. Nasema hivyo kwa sababu wanaoniuliza habari za miaka ile ya wanajeshi Uganda wanataka niwaambie nani alichukuliwa na nani hakurudi, na mimi kila mara naanza na mkono wa mwanangu. Wananitazama kana kwamba nimepotea njia. Sijapotea. Nilikuwa na nyumba, mume polisi ambaye hakuonekana nyumbani, na watoto wanne, wawili kati yao mapacha. Nikisema nilipigana na serikali ile, nasema juu ya siku moja na mkono mmoja.

Disemba hiyo wifi yangu alikuwa anaolewa, na kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa na ua mpana, harusi ikapangwa itokee kwetu Kisugu. Ndugu wa mume wangu wakateremka kutoka kaskazini na mtama, mbuzi, kuku na watoto. Watoto hasa. Walilala mikekani mpaka mlangoni, na asubuhi walimwagika uani kabla hatujawasha moto. Watu wazima hawakuwa na nafasi ya kuwaangalia. Sukari haikuwako madukani, sabuni haikuwako, chumvi ilionekana siku moja na kupotea mwezi mzima, kwa hiyo kila aliyekuwa na miguu alitumwa kutafuta: huyu soko la Nakivubo, yule la Nakasero, mwingine kwa mtu fulani anayemjua mtu fulani.

Basi watoto wakaanza kuumia. Mmoja alikanyaga chupa. Mwingine alimwagikiwa na uji mguuni, nikamtumbukiza mguu katika ndoo ya maji baridi huku shangazi wa mume wangu, aliyekuwa mkubwa wa shughuli yote, akisisitiza apakwe mafuta ya kupikia. Nilimwambia mafuta yale tumeyatafuta mpaka soli za viatu zimekwisha, na mimi siyapaki mguuni kwa mtu. Alinuna mpaka jioni. Kuna aliyejiingiza harage puani, na nililitoa kwa pini ya nywele niliyoichomoa kichwani mwa bibi harusi wakati namsuka. Nilikuwa na hasira siku zile, na sioni sababu ya kuificha. Kila nikisikia kilio uani nilikuwa nauliza kwanza kama kuna damu.

Alhamisi, harusi ikiwa Jumamosi, nilisikia kilio ambacho sikuuliza kitu. Mmoja wa mapacha wangu, yule aliyezaliwa wa pili, alikuwa ameanguka kutoka kwenye mfenesi. Walikuwa wasichana wa miaka saba, na ndio waliokuwa watembee mbele ya bibi harusi, maana kwa watu wa mume wangu pacha akitangulia njia inakuwa njema. Niliponyanyua kitambaa alichofunikwa, mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda kati ya kiwiko na kiganja, mahali ambapo mkono hauna kiungo.

Shangazi aliutazama akasema, "Tufunge vijiti. Jumapili mtapeleka yeye hospitali. Mkono haiendi popote, harusi ndiyo inaenda."

Nimpe haki yake, hakuwa mjinga. Mume wangu alikuwa ametuma ujumbe kwamba wanajeshi wameweka kizuizi karibu na reli, wanatafuta mali ya magendo, na tusipite njia hiyo bila sababu. Yeye mwenyewe, pamoja na sare yake, asingeweza kutusaidia, kwa sababu miaka ile polisi mbele ya mwanajeshi alikuwa mtu wa kusukumwa tu. Watu walikwenda kununua mkate wakatiwa kwenye buti ya gari. Shangazi alikuwa anahesabu roho zilizomo nyumbani mle, na mkono mmoja haukumtisha.

Mimi ulinitisha. Kwetu Kongo, mashariki, nilikokulia, kaka yangu alivunjika mkono wakati wa machafuko na akafungwa vijiti mpaka hali itulie. Hali ilichelewa kutulia na mfupa ukaunga vibaya. Alikuwa akila kwa kuinamisha kichwa mpaka kwenye sahani, mwanamume mzima, na alipooa aliona haya kula mbele ya mkewe. Nilijua mkono wa mwanangu ukingoja utakuwa mkono gani. Nikasema naondoka sasa hivi.

Hapo ndipo mama mkwe akainuka. Alikuwa mjane wa askari wa zamani, Kiswahili chake alikipata kambini, na kwa kawaida hakusema sana. Alisema, "Mama mapacha, vaa viatu. Tunaenda. Watoto yote mbili."

Nikamwambia, "Mama, aliyeumia ni mmoja."

"Wewe ndiyo nasema mmoja, mimi hapana," akajibu, na akamshika yule mzima mkono.

Niseme hapa jambo hili, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Kwa watu wa mume wangu, na kwa makabila mengi ya Uganda, mapacha hawapewi kimoja. Gauni ni mawili, kunyolewa ni siku moja, na hata dawa: mmoja akishikwa na homa, wote walimeza, na kwa sababu kwinini ni chungu nililazimika kuwashika wote kama wagonjwa. Anayeachwa nyuma anaona amesahauliwa, na pacha aliyesahauliwa, wanasema, hutafuta njia ya kuondoka duniani. Mimi nililelewa na masista. Nilikuwa nimebishana juu ya jambo hilo miaka saba na nimeshindwa miaka saba, na siku ile sikuwa na muda wa kubishana tena.

Tulizunguka mbali na reli, na hospitali tulifika jua likiwa kali. Mtu wa plasta za mifupa alikuwa Mganda wa makamo, amevaa aproni iliyokauka mpaka ikasimama yenyewe. Aliunyoosha mkono ule huku mwanangu akiuma kanga yangu, na mimi nikitazama dirishani kwa sababu nilijua nikimwangalia nitamzuia. Kisha akafungua kabati akatuonyesha. "Nyabo, mama, prasta iko ya mutu moja tu. Hii ndiyo ya mwisho. Ingine sijui itakuja rini."

Mama mkwe akamsukuma mbele yule mzima. "Na huyu."

"Huyu ameumia wapi?"

"Hajaumia. Ni mapacha."

Nilijiandaa kuona haya. Lakini yule bwana alimtazama bibi, akawatazama watoto, akatikisa kichwa kama mtu aliyekumbushwa adabu. "Aa. Barongo," akasema, ndivyo wanavyowaita mapacha kwa Kiganda. "Kumbe hamukusema mapema." Alimfunga plasta ya kweli aliyevunjika, safi, imara, kutoka vidoleni hadi juu ya kiwiko. Kisha akakata kipande cha boksi, akakizungushia mkono wa mzima, akafunga bendeji kuukuu juu yake, na ule uji mweupe uliobaki kwenye beseni akaupaka kote. Ukiwa mbali usingewatofautisha. Mzima ndiye aliyetoka akijivuna zaidi.

Kurudi, mtoto alikuwa anachoka na njia ya kuzunguka ilikuwa ndefu mno. Tukapita njia ya reli.

Foleni kwenye kizuizi ilikuwa ya wanawake peke yao, waliotoka sokoni na vikapu vichwani. Kando ya hema kulikuwa na rundo la vitu walivyonyang'anywa watu: vipande vya sabuni, mfuko wa chumvi, redio. Zamu yetu ilipofika, mwanajeshi kijana alitutazama akaona mikono miwili myeupe.

"Hii nini?"

"Mtoto amevunjika mkono," nikasema.

"Yote mbili? Siku moja?"

"Mmoja."

"Sasa hii ingine nafungwa ya nini?"

Ningeweza kudanganya. Lakini alikuwa ameshauminya mkono wa yule mzima, na bendeji ikabonyea. Nikamwambia ukweli, kwamba wamefungwa wote kwa sababu ni mapacha.

"Wewe nacheka serikali," akasema.

Aliivuta ile bendeji mpaka boksi likaanguka chini, na mkono mzima wa mwanangu ukatoka ukiwa na unga mweupe. Akalikanyaga boksi, akalipasua, akatafuta ndani kama kuna dola au sijui nini. Hakukuwa na kitu. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Yeye akaona ametegwa, kwamba ile laini imewekwa ili imzuge, na mali yenyewe imo ndani ya ile ngumu. Akatoa singe ya bunduki.

"Leta huyo ingine."

Nikasimama mbele ya mtoto. Nakumbuka nilivyosema, kwa sababu sauti yangu ilinishangaza kwa utulivu wake. "Hiyo ni plasta ya mwisho hospitali nzima. Ukiikata hakuna wa kuifunga tena, na mfupa wake umewekwa sasa hivi. Hukati."

"Toka."

"Sitoki."

Akaniwekea ncha ya singe kwenye kola. Nyuma yangu wanawake wakaangusha macho jinsi sote tulivyojifunza kuyaangusha. Niliogopa, naam. Lakini hasira ya wiki nzima ilikuwa imekaa palepale kifuani, hasira ya sukari na uji na chupa, na ilikuwa kubwa kuliko ile hofu. Nilijiambia huyu mtoto wa watu hataugusa mkono huu.

Ndipo mama mkwe akavua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga kiunoni, akaanza kuimba.

Mapacha wana nyimbo zao, na nyimbo hizo ni matusi. Wanapozaliwa, wazee wenye heshima zao hutaja hadharani kila kitu kilichomo ndani ya nguo za baba na mama, kwa majina yake, na hakuna anayekasirika, maana aliyezaa pacha, au aliyemzaa mzazi wa pacha, ana ruhusa hiyo. Mapacha wangu walipozaliwa nilijifungia chumbani, kwa malezi yangu ya masista. Sasa bibi wa miaka sabini alikuwa anacheza katikati ya barabara, mikono juu, akimtajia yule kijana maungo ya mama yake mzazi mbele ya bunduki tatu, yake na za wenzake. Na mimi, singe ikiwa kwenye kola yangu, nikaitikia. Maneno niliyajua yote, sijui nilivyoyajua. Nikaimba ya baba yake. Nikaimba yake yeye.

Mwanamke mmoja kwenye foleni alitua kikapu. Halafu wa pili. Waganda, Waacholi, sijui nani na nani, kila mmoja ana nyimbo za mapacha kwa lugha yake na zote ni chafu. Wakaimba. Yule kijana akarudi nyuma hatua moja, uso wake ukiwa wa mtu aliyekamatwa akioga.

Mkubwa wao, koplo wa makamo, akatoka hemani akifunga mkanda. Alisikiliza kidogo. Nadhani alitoka upande wa watu wa mume wangu, kwa sababu alivua kofia. Akamwambia kijana, "Wewe. Nani nakufundisha kutolea mapacha kisu? Rudisha hiyo kitu kwa mkono ya mutoto. Funga vile ulikuta."

Kijana akapiga magoti vumbini, akaokota boksi, akamfunga binti yangu bendeji, vibaya. Binti yangu akamwambia aifunge vizuri. Koplo, kwa kuwa mapacha hawapitwi mikono mitupu, akachukua vipande viwili vya sabuni kutoka kwenye rundo, sawasawa, akampa kila mmoja chake. Kisha akatuambia twende upesi kabla gari la wakubwa halijapita.

Sabuni ile ilikuwa na mwenyewe. Nilikuwa nimemwona kwenye foleni, macho hayatoki kwenye mikono ya watoto. Tulimngoja mbele ya reli nikamrudishia vipande vyote viwili. Mama mkwe alinung'unika kwamba zawadi ya mapacha hairudishwi, na mimi nikamwambia serikali haitoi zawadi kwa mali ya watu. Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Nyumbani habari zilikuwa zimetutangulia. Shangazi alinishika mkono akanivuta jikoni. "Unaimba matusi barabarani, mke ya polisi. Wakija hapa usiku?"

"Wakija nitawaimbia," nikasema. "Nipe kisu, vitunguu havijakatwa."

Hawakuja. Jumamosi mapacha walitembea mbele ya bibi harusi, kila mmoja na mkono wake mweupe, na wageni walijaribu kukisia ni upi uliovunjika na hatukuwaambia.

Siku ya kutoa plasta ilipofika sikurudi hospitali. Niliilowesha katika beseni uani nikaikata mwenyewe, taratibu, kwa kisu cha jikoni. Mkono uliotoka ulikuwa mwembamba na umepauka, una harufu mbaya, na umenyooka. Niliupitisha kidole kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kiganja, nikarudia tena, nikitafuta kona. Nikamwekea ugali mbele yake na kumwambia ale kwa mkono huo. Akamega tonge, akalipeleka mdomoni, kichwa kikiwa juu. Miaka ile walituchukulia watu na vitu ambavyo sitaviona tena. Mkono huu hawakuupata.