Siku Niliyozima Mtaa wa Mama Furaha

Mpaka leo nikipita kwenye kile kiwanja cha Mbugangari huwa nainamisha kichwa na kuongeza mwendo, na wanaonijua wanajua sababu, na ninyi msiojua ni afadhali niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine, maana wengine huongeza chumvi na aibu yangu haihitaji chumvi. Nilijiaibisha mbele ya mtaa mzima, kipaza sauti mkononi, na mtu mmoja nusura afe. Nimelitamka, sasa nianze.

Mimi nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania (ndiyo maana hapa Gisenyi, mpakani na Kongo, wananicheka kwamba Kiswahili changu ni cha redioni), na wazazi waliporudi Rwanda nikarudi nao, nikasoma, nikapata kazi kwenye mradi wa majaribio wa umeme. Tulikuwa tunafunga mita mpya ambazo zinaongea zenyewe na ofisi, kiasi kwamba umeme ukipungua hatuzimi mji wote gizaaa kama zamani, bali tunapumzisha mtaa huu dakika chache, halafu ule, na wale wasioweza kukosa umeme hata kidogo tunawalinda. Mimi si fundi (hata fyuzi nabadilishiwa na jirani kwa kumwomba), kazi yangu ilikuwa watu, yaani kuandaa orodha ya nyumba zisizozimwa kamwe. Watu wakanibatiza Madamu wa Mita, na siwafichi, jina lile nililipenda.

Maelekezo ya kazi yalikuwa wazi: ingia kila nyumba, uliza kama kuna mgonjwa anayetegemea mashine, kama kuna dawa ndani ya friji, andika, nenda nyumba ya pili. Nilipewa wiki mbili. Siku ya kwanza nikaanza, na nyumba ya kwanza nikakaribishwa, nikakaa, nikangojea chai, nikaulizwa habari za mama yangu, za baba yangu, za mvua ya Karagwe, na bibi mwenye nyumba akanisimulia ng'ombe wake waliobaki Bugeshi mmoja baada ya mwingine, jina kwa jina, na mimi kalamu mkononi najibu eeh, eeh, huku jicho liko kwenye saa. Mpaka mchana nilikuwa nimemaliza nyumba tatu. Tatu! Na mtaa mzima ulikuwa unanisubiri, na viatu vimejaa tope.

Hapo ndipo nilipopata akili yangu mbovu. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunafanya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, wote na majembe yetu, na kazi ikiisha tunakaa mkutano. Nikajiambia, kwa nini nizunguke nyumba kwa nyumba wakati watu wote nitawakuta mahali pamoja? Basi baada ya umuganda nikasimama mbele yao nikauliza, anayeuguza mgonjwa wa mashine nyumbani anyooshe mkono. Kimya. Mwenye dawa kwenye friji? Kimya, na wawili watatu wakasema nta kibazo, hakuna tatizo, madamu. Mkono hata mmoja haukuinuka. Nikaandika hapana, hapana, hapana, ukurasa mzima, mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri, na bosi wangu alipoona kazi ya wiki mbili imekwisha kwa dakika nne akanisifu mbele ya wenzangu. Kichwa kikavimba, nguo zikanibana.

Mwezi uliofuata, siku ya umuganda tena, ikawa siku ya kuonyesha mradi. Wageni walikuja kutoka Kigali na wilayani, wakapangiwa viti chini ya hema, na wananchi wakakaa kwenye majani na majembe yao, wengine bado wana udongo magotini. Mimi peke yangu ndiye niliyekuja umuganda na suti na viatu vya kisigino kirefu. Kiwanja kile hakina umeme, kwa hiyo sisi watu wa umeme wa kisasa tulileta jenereta ili vipaza sauti visikike (bosi aliiweka nyuma ya hema wageni wasiione, lakini ilikuwa inanguruma kama lori la viazi). Nikapewa kompyuta na kipaza sauti. Nikaeleza, nikapigiwa makofi, nikatangaza kwamba sasa mtaona wenyewe, nitauzima mtaa ule pale, ule wenye kinyozi na duka la redio, kwa dakika tano tu, halafu nitauwasha, na sitanyanyuka nilipo.

Mwanamke mmoja aliyekaa mbele, wa kitenge cha kijani, akasimama. Wakati huo sikumjua, baadaye ndipo nilipojua kuwa ni Mama Furaha, familia yake ilirudi kutoka Kongo, upande wa Masisi.

"Madamu, mi nilikuwa naomba," alisema. "Ile njia yetu muiache leo. Muzime ingine."

"Kwa nini, mama?"

Akageuka akatazama watu nyuma yake, akatazama chini.

"Bure tu, madamu. Iko tu vile."

Jamani, ningekuwa na akili ya mtoto wa darasa la pili ningeelewa. Mtu mzima hasimami mbele ya wageni kwa jambo la bure. Lakini wageni wananitazama, bosi ananitazama, na kipaza sauti kilikuwa kimeshanilewesha, basi nikasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, "Mama, usiogope, kwa dakika tano hata maziwa hayagandi!" Watu wakacheka. Mimi nikacheka nao, tena niliwazidi. Yeye hakucheka. Alibaki amesimama, mkono ameuinua nusu, na nikabonyeza.

Redio ya dukani ikanyamaza, mashine ya kinyozi ikanyamaza (mteja akatoka nje amenyolewa nusu ya kichwa, watu wakazidi kucheka), na Mama Furaha akaanza kukimbia. Alikata katikati ya watu, akaruka majembe, ndala moja ikabaki kwenye majani na hakuirudia. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema kwenye kipaza sauti, "Mama amekumbuka sufuria jikoni." Hayo maneno nimeyasema mimi, hakuna aliyenisingizia.

Dakika tano zikaisha, nikabonyeza kuwasha. Kompyuta ikaandika kwamba inasubiri mtandao. Nikabonyeza tena, ikasubiri. Fundi wetu, kijana mpole anaitwa Kamali, akaja akachungulia, akaninong'oneza, "Dada, kile kisanduku cha kwenye nguzo kilizimika na mtaa wake, na kilipoamka kwa betri yake kimeshika mtandao wa Goma. Amri yetu hakiipati." Kila anayeishi Gisenyi anajua habari hii, unaamka asubuhi kitandani kwako na simu inakukaribisha Kongo, lakini nani kati yetu alifikiri kwamba kisanduku nacho kitavuka mpaka? Nikamwambia apande akawashe kwa mkono. Akasema inahitajika ngazi na funguo, na vyote viko ofisini. Akachukua pikipiki akaondoka, na mimi nikawageukia wageni nikawaambia kwamba hili ni sehemu ya majaribio. Nilidanganya hadharani, bila hata kupepesa macho.

Hapo ndipo mzee mmoja aliyekuwa amemfuata Mama Furaha akarudi mbio, bado jembe begani, akapaza sauti toka mbali.

"Rudisheni umeme! Kule kuko mutu anakufa! Yee anapumua na mashini!"

Kicheko kilikatika pale pale. Mzee akaeleza kwa haraka aliyoambiwa kule, kwamba ni Papa Furaha, mume wa yule mama, kwamba hospitali ilimpa mashine ya kuvuta hewa, kwamba umeme ukikatika siku zote wana mtungi mdogo wa akiba, na mtungi umepelekwa jana kujazwa. Bosi alikuwa wa kwanza kupata akili. "Jenereta!" akasema. Nami nilikuwa bado nimeshika kipaza sauti nikianza kuomba radhi, ndugu zangu wananchi, naomba, na katikati ya neno wanaume wakachomoa nyaya, sauti ikafa, na nikabaki naongea peke yangu.

Wanaume sita waliibeba jenereta mikononi, na mtaa wote ukawafuata, wageni na suti zao nyuma, na mimi nikivua viatu maana kisigino kimoja kilivunjika kwenye yale mawe ya volkano. Nilifika na soksi zimechanika. Papa Furaha alikuwa ametolewa nje uani alazwe mkekani apate hewa, kifua wazi, mbavu zinahesabika, midomo imebadilika rangi, na mkewe amemwinua kichwa anamwambia vuta, papa, vuta. Uani pale tulikuwa tumejaa mpaka ukutani. Wengine walipanda juu ya mawe ili waone. Jenereta ikawashwa, mashine ikaanza kukoroma, mpira ukawekwa puani, na tukasimama tunangojea, watu wote wale. Nilisali kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili, na kwa lugha nisiyoijua. Baada ya muda mrefu midomo ikaanza kurudi rangi yake. Mtu nyuma yangu akasema "Yampaye inka!" kwa sauti ya kushukuru, na mimi nikakaa chini kwenye vumbi na suti yangu nikalia. Umeme ulirudi baada ya dakika arobaini.

Jumatatu nilikwenda kuomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, tena nilitaka nitukanwe. Mama Furaha alifungua mlango, akaniangalia, akaleta kiti. "Ikala," akasema. Akaenda akachemsha chai. Mimi nimekaa, Papa Furaha kitandani, mashine inakoroma. Chai ilipokuwa nusu ndipo mama alipozungumza, kwa Kiswahili chake cha Kongo ambacho "njo" ni "ndiyo" yetu.

"Madamu, we uliuliza mbele ya watu. Mi ningesema nini? Hapa mutu anaingia kwanza, anaikala, anakunywa kachai, njo tunamuambia mambo ya nyumba. Ungeingia, ningekuambia yote."

"Najua, mama. Nisamehe."

"Mi nakaanga sambaza pale barabarani, kwa watu wenye wanaenda Petite Barrière, kule mupakani. Njo tunakula nayo, njo ya dawa. Watu wakijua niko na mugonjwa wa kifua ndani, nani atakula samaki yangu?"

Nikamuuliza daktari alisema nini. Akasema daktari alisema haiambukizi, ni vumbi, kwa sababu mumewe alivunja mawe ya ujenzi miaka mingi na mapafu yakajaa. "Lakini daktari alisema hayo mu chumba, sisi watatu," akasema. "Na watu walimuona papa wote."

Papa Furaha akageuza kichwa. "Ni huyu njo alizima?"

Mkewe akaitikia. Mzee akavuta pumzi, akapumzika, akavuta nyingine.

"Siku ingine ukitaka kuzima," aliniambia, "ukuje uniulize mimi. Nitakuambia kama leo niko na nguvu."

Nililia tena, na yeye ndiye aliyenibembeleza, mtu asiye na pumzi za kujitosha mwenyewe.

Nilichana ile orodha nikaanza upya. Wiki mbili zikawa sita. Nilikaa kwenye viti vya kila aina, nikanywa chai mpaka tumbo likawa dumu, nikajua ng'ombe wote wa Bugeshi kwa majina, na watu wale wale walioniambia nta kibazo kiwanjani wakaniambia, kikombe kikiwa nusu, habari za insulini iliyofichwa nyuma ya maziwa, za mtoto anayewekewa mvuke wa kifua usiku, za bibi mwenye godoro la umeme la vidonda. Mtaa wa Mama Furaha sasa hauzimwi. Ramani yetu ilipelekwa Kigali ikasifiwa, na bosi akaniambia nimefanya kazi safi, nikamwomba asiniambie hivyo tena.

Niliapa na kiapo bado nakishika: sitamuuliza mtu mbele ya watu jambo la ndani ya nyumba yake, na mtu akiniambia "bure tu" nitaweka chini nilichoshika na kumfuata mpaka kwake. Lakini kiapo hakirudishi wateja. Zamani sambaza za Mama Furaha zilikuwa zinakwisha kabla ya saa tatu asubuhi, siku hizi mchana unafika na sinia limejaa. Kwa hiyo kila siku nikienda kazini nasimama pale mbele yake, nakula taratibu, makusudi, hadharani, wavukao mpaka wanione natafuna, nameza, na sifi. Wananiona. Wananisalimia vizuri kabisa, "Madamu wa Mita, waramutse!" wananipungia mkono, halafu wanavuka barabara na kwenda kununua kwa mwanamke wa upande wa pili.