Jumapili Niliyomtembeza Mama Mkwe

Mpaka leo nikianza kuisimulia hii naangalia chini, kwa sababu mimi ndiye yule kijana wa chuo kikuu, mbishi wa kila kitu darasani na bwenini, aliyevuka nusu ya Dar es Salaam akiielezea keria ya baiskeli habari za jiji.

Ilikuwa miaka ile ya kubana petroli, Jumapili ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi marufuku, barabara inabaki nyeupe, unasikia cheni yako mwenyewe ikizunguka. Sijaupenda mji ule kama nilivyoupenda saa zile. Nilikuwa na baiskeli ya Kichina, nyeusi, na nilijiona bingwa wa kuzunguka nayo mjini: jaribu breki kabla ya kutoka, kaa kushoto, piga kengele kila kona, usishindane na basi (hata kama basi lenyewe halipo). Kanuni zote nilikuwa nazo, isipokuwa moja.

Basi mama yake Robi akaja kutoka kijijini kwao Kemambo kutibiwa macho. Robi, mchumba wangu, alikuwa anasomea uuguzi mjini hapo, na baba yake alishasema wazi kwamba neno la mwisho juu yangu atalitoa mama akirudi nyumbani. Macho yalipotulia mama akataka kuyafanyisha kazi, aone mji. Robi akapangiwa zamu ya ghafla wodini, basi pale Magomeni tukalisubiri hadi tukachoka, na mimi nikatoa wazo langu dogo: "Mama, panda baiskeli."

(Kwetu Wakurya mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawagusani, hawapigi soga. Bwenini nilikuwa nimeihoji sana mila hiyo, nani aliitunga na kwa faida ya nani. Mbele ya mama Robi mwenyewe, khanga kichwani, nilitazama viatu vyangu.)

Alifikiri kidogo. "Ng'ombe wa mahari hawajafika nyumbani, kwa hiyo hujawa mkwe kamili," akasema, naye akiitazama barabara. "Nitapanda. Nitashika kiti, wewe sikushiki. Na usigeuke, mura." Mura, yaani kijana kwa Kikurya.

Tukateremka Jangwani upepo ukitupiga, nami nikaanza kazi. "Mama, bonde hili mvua ikinyesha linajaa." Kimya. Sikushangaa, mama mkwe hapigi soga. Kule chini, karibu na daraja, tukapiga shimo, baiskeli ikaruka, nikasema pole mama, nikaanza kukipanda kilima cha Faya. Na hapo, ndugu zangu, nikajiona dume. Kilima kile siku zote kinanitoa jasho, lakini siku ile nilikipanda huku nahutubia, nikajiambia kumbe ugali wa chuo unajenga mwili, watu wanausema bure.

Mnazi Mmoja nikamwonyesha bustani. Mnara wa Saa nikauzunguka mara mbili ili auone vizuri. Watu waliokuwa matembezini walikuwa wanacheka, wengine wananionyesha kidole, nami nikazidi kupiga kengele, nikidhani wanashangilia ustaarabu mpya, mtu na mkwe wake kwenye baiskeli moja. Nikaanza kumweleza mama kwamba mila nazo hubadilika.

Kwenye Sanamu ya Askari trafiki mmoja akapiga filimbi.

"Ndugu, simama. Unamhutubia nani?"

"Mama, afande. Yupo nyuma."

"Nyuma ya nini?"

Ndipo nikageuka. Keria tupu!

Nilipojieleza, lafudhi ikanisaliti, naye akasema yeye ni wa Kisaka, Serengeti, majirani zetu kabisa. "Njia yote hiyo hukugeuka hata mara moja?"

"Ni mama mkwe, afande."

Akaacha kucheka. "Aa. Basi hukuweza." Kisha akakuna shingo. "Sasa utamtafutaje mtu usiyeruhusiwa kumtazama?"

Mimi, mwenye maswali ya kila kitu, nikageuza baiskeli tu. Akapanda kwenye keria na sare yake nyeupe. "Endesha. Mimi ndiye macho."

Tukarudi njia ileile, watu walewale, safari hii wanapiga kelele, "Kakamatwa! Kamwibia nani huyo?" Mimi sikuwasikia sana. Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Robi: mama yako nimemdondosha, sijui wapi, sikutazama.

Juu ya kilima cha Faya afande akanigonga mgongoni. "Khanga ya bluu? Anakula hindi la kuchoma?"

"Ndiye." Nikasimama, nikampa mgongo.

Mama Robi hakunisemesha. Alimsemesha afande. "Mwambie kijana kwamba kwetu baiskeli ikifika kilimani aliyepakiwa anashuka bila kuambiwa, anatembea, na mwenye baiskeli anamsubiri juu. Kwao hawana vilima?"

Nikakumbuka lile shimo, kumbe hapo ndipo alipojitelezesha chini kwa kunihurumia. Na ule ugali wa chuo!

"Mwambie naomba msamaha," nikauambia ukuta wa mbele yangu.

"Amesikia," akasema afande, akijibana asicheke.

"Mwambie pia mji sijauona," mama akaongeza.

Kabla afande hajarudi kazini tukakubaliana kwamba nikiuliza "Mama, upo?" mama atakohoa. Tukazunguka mji hadi jua likalegea, Mnara wa Saa, sanamu, bandarini, kila baada ya nguzo chache nauliza, nyuma yangu kikohozi. Sijapata tena jioni nzuri kama ile.

Hukumu niliisikia kwa Robi, akicheka hadi machozi. Mama yake alikuwa amesema, "Akili ya baiskeli hana. Heshima anayo, amepita mji mzima hakugeuka." Ng'ombe wakaenda Kemambo.

Sijawahi kumwambia mama ukweli, kwamba pale Mnara wa Saa mila ilikuwa imeshanitoka kichwani. Sikugeuka kwa sababu nilikuwa nafurahia sauti yangu. Tangu siku ile nikimpakia mtu nasema maneno mawili, kisha nanyamaza mpaka anijibu.

Na hata sasa nikifika Kemambo, nikiketi nje nianze kuwaeleza shemeji zangu mambo ya dunia na kunogewa, nasikia kutoka jikoni, ng'ambo ya ukuta, mtu anakohoa.